Ukimya wa Jackie Robinson ulikuwa wa mkataba

Ipo picha moja ya Mei 1947 ambayo siwezi kuipita bila kuitazama mara mbili. Wanaume wawili wenye sare za besiboli wamesimama uwanjani Philadelphia, wameshika gongo moja (la mbao, si lile la kunywa), huyu mwisho huu na yule mwisho ule. Mzungu ni Ben Chapman, kocha wa Phillies. Mweusi ni Jackie Robinson wa Brooklyn Dodgers, mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu ya besiboli ya Marekani baada ya miaka zaidi ya 60. Inasimuliwa kwamba gongo liliwekwa pale kwa makusudi: kila mmoja akishika mbao, hakuna haja ya kupeana mkono.

Chapman hakwenda kwenye picha ile kwa mapenzi yake, alisukumwa. Wiki chache nyuma, tarehe 22 Aprili, alikuwa Brooklyn na timu yake, na tangu mchezo ulipoanza yeye na wachezaji wake walikuwa wakimporomoshea Robinson matusi kutoka kwenye benchi lao. Arudi kwenye mashamba ya pamba. Kwao porini wanamsubiri. Na mengine ambayo siyaandiki hapa. Habari zikafika magazetini, wakubwa wa ligi wakaona aibu, ikabidi itafutwe picha ya kupoza mambo. Robinson akakubali kusimama. Baadaye aliandika kwamba kusimama pale na mtu yule ni kati ya mambo magumu aliyowahi kuyafanya.

Aliandika pia jambo jingine kuhusu siku ile ya Aprili, na hili watu hawalipendi sana. Alisema kwa dakika moja alitaka kuachana na mpango mzima wa kutojibu matusi, avuke uwanja mpaka kwenye benchi la Phillies, amkamate mmoja wao yeyote na kumng'oa meno kwa ngumi yake nyeusi, kisha aende zake nyumbani. Hakwenda. Kwenye kipindi cha nane alipiga mpira akafika besi ya kwanza (besi ni vituo vya kuzunguka), akaiba ya pili, yaani akaikimbilia bila mwenzake kupiga, mdakaji akarusha vibaya na yeye akaendelea hadi ya tatu, mwenzake akapiga na Robinson akaingia nyumbani. Dodgers 1, Phillies 0. Pointi pekee ya mchezo ule ni yake.

Nina ugomvi na namna hadithi hii inavyoletwa kwetu. Kila Aprili, Wamarekani wanapofanya kumbukumbu yake, kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za wahamasishaji inapita picha ya Robinson na maneno ya kututaka tuvumilie. Alitukanwa akanyamaza, akafanikiwa. Na wewe nyamaza, mbingu zitakulipa. Nimeiona hata kwenye semina ya kazini, ikitumiwa na mtu aliyelipwa kuja kutufundisha adabu wakati mshahara umechelewa. Robinson huyo wa semina simjui. Ninayemsoma mimi alikuwa mtu wa hasira, mbishi, mwenye kinywa kikali na kumbukumbu ndefu, na ukimya wake aliukodisha kwa muda maalumu, kwa sababu maalumu, kwa mtu aliyejua wazi kwamba anaukodi.

Tuanze na basi.

Julai 1944 Robinson alikuwa luteni wa jeshi la Marekani katika kambi ya Camp Hood, Texas, kwenye kikosi cha vifaru cha watu weusi, cha 761. Jioni ya tarehe 6 alipanda basi la kambini akaketi katikati, pembeni ya mke wa afisa mwenzake. Yule mama alikuwa mweusi wa rangi nyepesi, na inaonekana dereva alidhani ni Mzungu. Dereva akamwamuru Robinson ahamie nyuma. Robinson akakataa. Alijua anachokifanya: jeshi lilikuwa limeshatoa agizo la kuzuia ubaguzi kwenye mabasi yake, na luteni yule alikuwa na habari. Dereva akazidi kufoka, Robinson akabaki kwenye kiti. Walipofika kituoni wakaitwa polisi wa jeshi, na hapo ndipo mambo yalipochacha, maana askari mmoja alimwita Robinson kwa lile tusi la watu weusi, naye akamjibu kwamba akirudia atamvunja vipande viwili.

Kamanda wa kikosi chake, Paul Bates, Mzungu, alikataa kutia sahihi mashtaka. Basi wakamhamishia Robinson kikosi kingine ambacho kamanda wake alikubali kutia. Mashtaka yenyewe yalipofika mbele ya mahakama ya kijeshi habari ya basi ilikuwa imetoweka. Alishtakiwa kwa kukosa utii kwa wakubwa waliomhoji baadaye. Tarehe 2 Agosti maafisa tisa walimwachia huru. Wakati huo kikosi cha 761 kilikuwa kinajiandaa kwenda kupigana Ulaya, yeye akabaki, na Novemba aliondoka jeshini kwa heshima. Rosa Parks wa Montgomery alikuja kukataa kuhama kiti chake miaka 11 baadaye.

Huyu ndiye mtu ambaye mwaka uliofuata aliombwa anyamaze.

Ukali huo haukuota tu. Jack Roosevelt Robinson alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 karibu na mji wa Cairo, Georgia, kitinda mimba wa watoto watano, katika familia iliyolima shamba la Mzungu kwa kugawana mavuno. Jina la kati ni la Rais Theodore Roosevelt, aliyekuwa amefariki mwezi ule ule. Baba aliondoka Jackie akiwa bado mchanga na hakurudi. Mama, Mallie, hakukaa kumsubiri. Mwaka 1920 alipakia watoto wake kwenye treni akavuka nchi nzima hadi Pasadena, California, akafanya kazi za ndani kwenye nyumba za Wazungu, na baada ya muda akaweza kupata nyumba Pepper Street, mtaa wa Wazungu. Majirani walitaka kumtoa. Hakutoka. Alipokuwa kazini, dada mtu, Willa Mae, alikuwa anakwenda shule na Jackie mkononi. Mtoto anaachwa kwenye mchanga wa uwanja wa shule acheze mpaka masomo yaishe.

Kaka yake Mack alikuwa mkimbiaji. Katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936 alishika nafasi ya pili mita 200, nyuma ya Jesse Owens. Medali ya fedha! Akarudi Pasadena, na kazi aliyoipata ni kufagia barabara za mji. Alikuwa akifagia amevaa koti lake la Olimpiki. Wengine mjini walisema anajionyesha. Jackie alikuwa kijana wa miaka 17 na aliyaona haya yote nyumbani kwao, ndiyo maana sishangai kwamba hakuwahi kuamini kuwa kipaji pekee kinatosha.

Chuoni UCLA alicheza michezo minne: futiboli ya Kimarekani, mpira wa kikapu, riadha na besiboli. Alikuwa wa kwanza katika chuo kile kupata heshima ya timu kuu katika yote minne. Bingwa wa taifa wa vyuo wa kuruka chini, 1940. Besiboli ndiyo aliyoichezea vibaya kuliko zote. Ndiyo, hiyo hiyo. Huko UCLA pia ndiko alikokutana na Rachel Isum, mwanafunzi wa uuguzi, na bila Rachel sijui kama kungekuwa na hadithi ya kusimulia.

Hapa inabidi nieleze ukuta wenyewe uliowazuia weusi kucheza ligi kuu, maana wengi hudhani kulikuwa na sheria. Hakukuwa na sheria. Mwaka 1884 Moses Fleetwood Walker, mweusi, alicheza ligi kuu na timu ya Toledo, mechi 42. Baada yake wenye timu wakaelewana kimyakimya kwamba weusi basi, na maelewano yale yakakaa miaka zaidi ya 60 bila kuandikwa popote, kila kiongozi wa ligi akiulizwa anasema hakuna kanuni inayomkataza yeyote. Ukuta usioandikwa huwezi kuupeleka mahakamani. Weusi wakaanzisha ligi zao. Mwaka 1920 Rube Foster aliongoza kuundwa kwa Negro National League mjini Kansas City, na humo wakapita wachezaji kama Satchel Paige na Josh Gibson, ambao waliowaona waliapa kwamba hawakuwa na mfano. Gibson alifariki Januari 1947, umri miaka 35, miezi mitatu kabla ukuta haujatobolewa. Nikifika kwenye tarehe hiyo huwa nasimama kidogo.

Aliyeutoboa kwa upande wa wenye fedha ni Branch Rickey, bosi wa Dodgers: mlokole, mwanasheria, mjanja wa biashara. Wanaompenda husema aliguswa na dhuluma. Wasiompenda husema alinusa pesa. Mimi naona yote mawili yalikuwa kweli, na kulikuwa na ya tatu, kwamba alikuwa anasukumwa. Waandishi weusi kama Wendell Smith wa Pittsburgh Courier na Sam Lacy walikuwa wamepiga kelele kwa miaka. Wakomunisti wa New York walikuwa wakikusanya sahihi. Mwaka 1945 jimbo la New York likapitisha sheria dhidi ya ubaguzi katika ajira. Na askari weusi walikuwa wanarudi kutoka vitani. Mlango ulikuwa unagongwa tayari. Rickey alikuwa na akili ya kuufungua kabla haujavunjwa.

Robinson wakati huo alikuwa anachezea Kansas City Monarchs kwa dola 400 kwa mwezi, akichukia mabasi ya usiku na vituo vya mafuta vinavyokuuzia mafuta lakini vinakunyima choo. Tarehe 28 Agosti 1945 aliitwa ofisini kwa Rickey, Montague Street, Brooklyn. Walikaa karibu saa tatu. Rickey alivua koti akaanza kuigiza: mara yeye ni karani wa hoteli anayemfukuza, mara ni mchezaji anayemtukana mama yake, mara anarusha ngumi inayopita karibu na uso wake. Robinson akauliza kama Rickey anamtaka mweusi anayeogopa kupigana. Rickey akajibu kwamba anamtaka mchezaji mwenye ujasiri wa kutosha kutojibu mapigo. Wakakubaliana, dola 3,500 za kutia sahihi na 600 kwa mwezi. Na ukimya.

Katika mkataba huo kuna doa ambalo wasimuliaji wengi hulifunika. Rickey hakuwalipa Monarchs hata senti. Alidai ligi za weusi si ligi halali, mikataba yake haitambui. Effa Manley, mwanamke aliyekuwa mmiliki mwenza wa Newark Eagles, alilalamika hadharani kuhusu kuchukuliwa wachezaji bure, na Bill Veeck wa Cleveland alipomtaka Larry Doby mwaka 1947 alimlipa Manley. Lakini fedha hizo hazikuokoa kitu. Mashabiki weusi walihamia Ebbets Field, uwanja wa Dodgers, kumtazama mtu wao, na ndani ya miaka michache timu zao zikaanza kufa. Makocha weusi, mameneja weusi, wamiliki weusi, wote wakakosa kazi, maana ligi kuu ilitaka wachezaji tu. Tutarudi hapo.

Aliwekwa kwanza timu ndogo ya Dodgers huko Montreal, Kanada, mwaka 1946. Alikuwa amemwoa Rachel mwezi Februari, na safari ya kwenda mazoezini Florida na bibi harusi ilikuwa ya kushushwa kwenye ndege ili Wazungu wapate viti na kumalizia njia nyuma ya basi. Fikiria: yule yule wa Camp Hood, amekaa nyuma na mkewe, hasemi. Jacksonville walifunga geti la uwanja kwa kufuli ili asicheze. Mechi yake ya kwanza ya ligi, Jersey City, tarehe 18 Aprili, alipata nafasi tano akapiga vizuri nne, moja ikaenda nje ya uwanja, akaiba besi mbili. Alimaliza msimu akiwa mpigaji bora wa ligi ile, Montreal wakachukua ubingwa, na mashabiki wa kule, Wazungu, wakamkimbiza barabarani wakitaka kumbeba.

Tarehe 15 Aprili 1947 akaingia uwanjani Brooklyn na namba 42 mgongoni. Waliokuja walizidi 25,000, na inasemekana zaidi ya nusu walikuwa weusi. Hakupiga mpira wowote wa maana siku hiyo, ingawa alifunga mbio iliyowapa Dodgers ushindi. Baadhi ya wachezaji wenzake walikuwa wameandaa waraka wa kumkataa kabla msimu haujaanza. Pee Wee Reese, Mzungu wa Kentucky, akakataa kutia sahihi, na waraka ukafia hapo. Kuna sanamu Brooklyn ya Reese akiwa amemwekea Robinson mkono begani mbele ya mashabiki wanaozomea. Wanahistoria wanabishana ilitokea mwaka gani na mji gani, na kama ilitokea vile. Urafiki wao wenyewe haubishaniwi.

Sasa mchezo. Sheria za besiboli zinaweza kulaza mtu, kwa hiyo nitachukua kipande kimoja tu. Aliyecheza rounders shule ya msingi Kenya tayari anaijua nusu yake: unapiga, unakimbia, unazunguka vituo, ukirudi ulipoanzia umepata. Vituo ni vinne, na kutoka kimoja hadi kingine ni mita 27 na ushee. Kuiba besi ni kukimbia kwenda kituo kinachofuata bila mwenzako kupiga mpira, wakati mrushaji anajiandaa kurusha. Kuiba ya pili kunahitaji mbio. Kuiba nyumbani, kutoka ya tatu, kunahitaji kichaa, kwa sababu mpira unarushwa kuelekea huko huko unakokimbilia, kutoka umbali wa mita 18, na mdakaji anakusubiri pale pale.

Robinson aliiba nyumbani mara 19 katika mechi za ligi. Itazame ile ya fainali, tarehe 28 Septemba 1955, Yankee Stadium. Filamu yake ipo mtandaoni. Ana miaka 36, nywele zimeanza mvi, kiuno kimejaa. Kipindi cha nane, Dodgers wako nyuma 6 kwa 4. Whitey Ford, mrushaji wa Yankees, ana mpira. Robinson anasogea kutoka besi ya tatu, anarudi, anasogea tena, mikono imeachia kama anataka kushika kitu hewani, magoti yanacheza. Ghafla hachezi tena, anakuja. Ford anarusha, Yogi Berra anadaka, Robinson anajitupa chini vumbi linatimka, mguu na glovu vinafika karibu pamoja. Mwamuzi anafungua mikono: salama. Berra anaruka kama amemwagiwa maji ya moto, anamfuata mwamuzi kifua kwa kifua. Alishikilia maisha yake yote kwamba Robinson alikuwa ametolewa. Dodgers walipoteza mechi ile 6 kwa 5, ila fainali ni mfululizo wa mechi, na mwishowe wakachukua ubingwa, wa kwanza na wa mwisho katika historia ya Brooklyn.

Kuhusu ukimya wake, hapo ndipo pa kutazama. Mdomo ulifungwa kwa mkataba, miguu haikuwemo. Kuanzia siku za kwanza alikuwa akiwatesa warushaji kwa zile hatua za kusogea na kurudi, mpaka mtu anasahau anamrushia nani. Mwaka 1947 aliongoza ligi kwa kuiba, mara 29, akapewa tuzo ya mchezaji bora mpya, ambayo mwaka huo ndiyo ilikuwa inatolewa kwa mara ya kwanza. Mtu anayeiita hiyo unyenyekevu aende akawaulize warushaji.

Na mkataba ukaisha. Msimu wa 1949 Rickey alimfungulia, na Robinson akaanza kusema. Alibishana na waamuzi, akawajibu wapinzani, akazilaumu hadharani hoteli zilizomkataa. Mwaka huo huo alikuwa mpigaji bora wa ligi, akaiba besi 37, akachaguliwa mchezaji bora wa National League. Kiwango hakikushuka kwa sababu ya kusema, kilipanda. Kilichoshuka ni mapenzi ya baadhi ya waandishi, ambao jana walimsifu kwa staha na leo wakaandika kwamba amejaa kiburi. Hilo linaeleza mengi kuhusu walichokuwa wanakisifu.

Hakupatia kila kitu, wala sitaki kumfanya mtakatifu. Julai 1949 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani atoe ushahidi dhidi ya Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mkubwa aliyekuwa akishutumiwa kwa ukomunisti. Huyu Robeson, kwa taarifa, alisoma Kiswahili London miaka ya 1930. Robinson alikwenda. Alisema pia mbele ya kamati ile kwamba hasira ya weusi dhidi ya ubaguzi haikubuniwa na wakomunisti, lakini magazeti yalibeba tu maneno yake dhidi ya Robeson. Mwaka uliofuata serikali ilimnyang'anya Robeson pasipoti, akakaa miaka minane bila kuipata. Mwishoni mwa maisha yake Robinson aliandika kwamba heshima yake kwa Robeson ilikuwa imeongezeka.

Desemba 1956 Dodgers walimuuza kwa mahasimu wao Giants. Yeye alikuwa ameshaamua kustaafu na kuchukua kazi ya makamu wa rais katika Chock full o'Nuts, kampuni ya kahawa yenye migahawa mingi New York. Alikuwa akishughulikia wafanyakazi, wengi wao weusi. Aliitumia ofisi ile kwa mengine pia: barua kwa marais, michango ya harakati za haki za raia, safu ya gazeti.

Moja ya hayo mengine linatuhusu. Mwaka 1959 Tom Mboya alizunguka Marekani akitafuta nafasi za vyuo kwa vijana wa Kenya, akapata nafasi lakini nauli hakuna. Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi zao kwenye barua ya kuomba michango, na Septemba mwaka huo ndege ikatua New York na wanafunzi 81. Mpango ukaendelea mwaka uliofuata, na Wangari Maathai akawa mmoja wa waliokwenda. Tunapomkumbuka Mboya na zile ndege huwa tunawataja akina Kennedy, ambao waliingia mwaka 1960. Barua ya Robinson ilitangulia.

Na kahawa yenyewe ikaja kutufikia. Mwanawe mdogo, David, aliyezaliwa 1952, alihamia Tanzania miaka ya 1980 na kuanzisha shamba la kahawa Bara, wilayani Mbozi, ambako wengi wetu tunakujua kwa kimondo kile cha chuma kuliko kwa besiboli. Alisafisha pori, akapanda miche, akaungana na wakulima wadogo wa jirani ili wauze kahawa yao Marekani kwa jina la Sweet Unity Farms badala ya kuiachia kwa walanguzi njiani. Watoto wake wamekulia huku. Mtu wa Mbeya anayelalamika kuhusu bei ya kahawa mnadani na mwana wa Jackie Robinson wanalalamikia bei ile ile, na sijui kwa nini wahamasishaji wetu hawajawahi kuligusa hilo, wakati liko saa chache kwa basi kutoka Mbeya mjini.

Baba yake hakuishi kuona hayo. Miaka ya mwisho ilimlemea. Mtoto wa kwanza, Jackie Jr., alijeruhiwa Vietnam, akarudi na uraibu wa dawa za kulevya, akapambana mpaka akaacha, kisha Juni 1971 akafa kwa ajali ya gari akiwa na miaka 24. Kisukari kilikuwa kinamla Robinson mwenyewe. Macho yalikuwa karibu kuzima. Kwenye maisha yake aliyoyaandika mwaka 1972 alisema hawezi kusimama na kuimba wimbo wa taifa wala kuipigia saluti bendera, kwa sababu anajijua kuwa mweusi katika dunia ya Wazungu. Huyu ndiye wanayemweka kwenye mabango ya kutufundisha uvumilivu.

Tarehe 15 Oktoba mwaka huo ligi ilimwalika uwanjani Cincinnati, kabla ya mechi ya pili ya fainali, kumtunza kwa miaka 25 tangu aingie. Televisheni ya taifa nzima inamtazama, nywele nyeupe kabisa. Ilitarajiwa aseme asante aketi. Alisema asante. Kisha akaongeza kwamba atafurahi zaidi siku atakapotazama kule besi ya tatu na kuona uso mweusi ukiongoza timu. Hakuna timu iliyokuwa na meneja mweusi. Siku tisa baadaye alifariki nyumbani kwake Connecticut, umri miaka 53.

Frank Robinson, si ndugu yake, alianza umeneja Cleveland tarehe 8 Aprili 1975, akiwa bado anacheza pia, na mara yake ya kwanza kushika gongo siku hiyo aliupeleka mpira nje ya uwanja. Rachel alikuwepo, ndiye aliyerusha mpira wa ufunguzi. Tangu mume wake aingie Ebbets Field ilikuwa imepita miaka 28.